Uzi: Ukiuza kwenye soko la watu mtandaoni, jina libaki lako

mpikaji_udi_kuze (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum ndugu zangu, na salamu kwa wote mlio Kisiwani, Likoni, Changamwe, Kisauni na Nyali.

Mimi napika udi na kuuuza, niko Kuze, Mji wa Kale hapa Mombasa, na oda zangu nyingi huingia kupitia masoko ya mtandaoni. Humu ndani kuna nyuzi nzuri za kufungua akaunti ya muuzaji, kupiga picha na kupata nyota tano. Kuna jambo moja sijaona likizungumzwa vya kutosha. Muulize mteja alinunua wapi udi wake. Atakwambia "nilinunua Jumia" au "nilitoa Instagram". Wewe uliyekesha na sufuria hutajwi. Pesa umepata, ni kweli, lakini sifa imekwenda kwa mwenye soko, na siku mteja akirudi kutafuta udi ataonyeshwa wa watu chungu nzima, wako ukiwa huko chini ambako hafiki.

Na masoko haya hayakai. Novemba 2019 Jumia ilifunga Tanzania, na mwisho wa 2024 ikaondoka Afrika Kusini na Tunisia. OLX, ambayo hapa kwetu kila mtu alikuwa akiuzia humo, ilichukuliwa na Jiji mwaka huo huo wa 2019. Sky.Garden ilitangaza kufunga 2022 kisha ikapata mnunuzi. Copia iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Hata pasipo kufungwa, kumbukeni tarehe 4 Oktoba 2021: Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa karibu saa sita dunia nzima, na ambaye wateja wake wote walikuwa humo hakuwa na pa kuwapata. Sisemi mtu aache kuuza huko. Mimi niko huko na nitaendelea kuwapo, maana wateja ndiko waliko. Nasema tuingie tukijua sisi ni wapangaji.

Tena mfano tunao hapa hapa mjini. Chukua leso ya K.H.E., ikunjue, utazame ukingoni: Mali ya Abdulla. Alama hiyo ni ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza biashara Mombasa mwaka 1887, na jina lake bado liko Biashara Street. Leso hizo zimeuzwa na wachuuzi wasiohesabika, pwani yote na bara, kwenye maduka ambayo si ya Abdulla. Mama aliyenunua hakuhitaji kumjua mchuuzi. Alikunjua, akasoma, akajua ameshika kitu gani. Na hili ndilo nataka mlizingatie hasa: kwa miaka mingi leso za pwani yetu zilipigwa chapa ng'ambo, India, Ulaya, Japani. Kumbe mwenye jina si lazima awe mwenye kiwanda. Michoro ilichaguliwa, maneno yakachaguliwa, na alama ikasafiri na kila doti popote ilipokwenda.

Basi neno langu katika uzi huu wote ni hilo. Jina likae juu ya bidhaa yenyewe. Ukurasa wa soko unaweza kufutwa usiku mmoja. Kopo lililo kabatini kwa mtu halifutiki.

Nieleze ninavyofanya kwenye udi, labda litamfaa mtu. Udi wa kupika una sukari, na sukari hunywa unyevu. Hewa yetu ni ya maji na chumvi mwaka mzima, na masika ndiyo usiseme. Udi ukiingiwa na unyevu, ukiutia kwenye chetezo unatoa moshi wa sukari iliyoungua kabla ya harufu kufunguka. Mteja aliye Eldoret hajui habari za hewa ya Kuze. Yeye atajua tu kwamba udi wa fulani unakereketa koo. Kwa hiyo kwangu chapa inaanzia kwenye mfuniko. Natumia kopo lenye mfuniko wa kusokota, ndani nafunga kwa foili, na nafungasha siku isiyo na mvua. Lebo naibandika kwenye mwili wa kopo, wala siyo kwenye mfuniko, kwa sababu mfuniko hupotea na kopo hubaki. Ina jina, aina ya udi, uzito, mwezi uliopikwa na namba ya simu. Lebo ya printa ya kawaida haifai hapa: mkono wenye mafuta ya sandali ukiigusa tu, wino unakimbia. Wachapaji wa mjini wanazo stika zisizoingia maji, ni ghali kidogo lakini zinadumu.

Nje naweka mfuko wa kaki wenye muhuri wa jina. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, na kaki inapokea wino vizuri. Soko likilazimisha bahasha yake ya nje, haina neno, ndani ni kwako. Ila someni masharti kabla ya kutia kikaratasi cha kumwita mteja anunue kwako moja kwa moja. Yako masoko yanayokataza, na akaunti inafungwa. Lebo ya bidhaa ni kitu kingine, hiyo ni sehemu ya bidhaa.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko lebo: kopo la pili linuke kama la kwanza. Watu husema mali bila daftari hupotea bila habari, wakiwa na maana ya pesa. Mimi daftari langu la mapishi nalilinda kuliko la pesa. Kila sufuria ina ukurasa wake: vipande vya udi vimetoka kwa nani, sukari gramu ngapi, mawardi kiasi gani, miski na ambari zimetiwa wakati gani, jua lilikuwaje. Muuzaji wa vipande akibadilisha mzigo, napika kidogo kwanza, nafukiza nyumbani, nampa na mtu mwingine afukize kwake. Ikiwa harufu imehama, sitii jina lile lile. Aliyependa kopo la kwanza anarudi kutafuta harufu ile, na akiikosa hatakwambia kitu. Atapotea tu.


mzee_wa_marikiti

Mwanangu, nimesoma yote. Lakini wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimeuza bizari Marikiti tangu ujana na sijawahi kubandika lebo. Mtu akinusa iliki yangu ananunua. Haya ya mihuri na stika naona ni kujitembeza.


mpikaji_udi_kuze

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umesema, maana wengi wanafikiri hivyo na hawasemi.

Iliki yako inajiuza kwa sababu mnunuzi amesimama mbele yako. Ameipasua kwa ukucha, amenusa, amekutazama usoni, na jirani yako wa kibanda cha pili anakujua miaka yote. Ukimuuzia iliki kavu iliyokamuliwa mafuta, kesho atakuja kukuuliza mbele ya watu. Yote hayo ni dhamana, na umeyajenga kwa maisha yako yote hapo sokoni.

Mtandaoni vyote hivyo vimeondolewa. Picha ya iliki nzuri na picha ya iliki mbovu ni moja. Mwizi wa picha anaweza hata kuchukua yako. Aliye Kakamega hana ukucha wa kupasulia wala pua ya kunusia, ana jina tu. Kwa hiyo jina, mzee wangu, ndilo linalobeba kile ambacho Marikiti hubebwa na uso wako. Na sisi vijana tusio na miaka yako sokoni tunalihitaji zaidi. Kizuri kinajiuza kikishafika mkononi. Kabla hakijafika, lazima kiwe na mtu wa kukisemea, na aliyekinunua kwanza hawezi kukisemea kama hajui kinaitwaje.


dera_kisauni

Dada, umesema vizuri, lakini wewe unapika kitu chako. Mimi nachukua madera kwa jumla. Humu wapo watu kibao wana dera lile lile, picha ile ile ya mwenye mzigo. Mteja anatazama bei tu. Nikiweka 1,200, mwenzangu anaweka 1,100. Jina litanisaidia nini?


mpikaji_udi_kuze

Dada yangu, tuanze na hesabu, kwa sababu hapo kwenye kushindana bei ndipo wengi wanapoishia.

Tuseme dera umelichukua 800, soko linakata asilimia 15, na kufungasha ni 40. Ukiuza 1,200 soko linachukua 180, unabaki na faida ya 180. Ukimfuata mwenzako hadi 1,100, soko linachukua 165, faida yako inakuwa 95. Umeshusha bei kwa shilingi mia, faida imekwenda karibu nusu. Sasa dera moja likirudishwa kwa sababu ni fupi, na ukabeba nauli ya 250, umekula faida ya zaidi ya madera mawili na nusu. Kwa hiyo pesa yako iko kwenye madera yasiyorudi, kuliko kwenye mia ile unayogombania.

Na madera hurudi kwa nini? Wewe unajua kunishinda. Fupi, linaonyesha mwili, limetoa rangi, limepungua baada ya kufuliwa. Hapo ndipo jina lako linapata kazi. Kila mzigo ukifika, chukua dera moja ulifue. Pima urefu kabla na baada, kutoka begani hadi chini, uandike kwa sentimita. Lipige picha mwenyewe, mchana, karibu na dirisha, mara moja likiwa limevaliwa na mara moja umetia mkono ndani ili mtu aone wepesi wa kitambaa. Andika wazi: "Hili ni jepesi, linataka shimizi." Utapoteza wateja wachache leo. Lakini mrefu aliyechoka kununua madera yanayomfika kwenye mashavu ya miguu akipata mtu anayesema kweli kuhusu urefu, hahami tena, na mia moja haimtikisi.

Kisha chagua upande. Huwezi kuwa wa kila dera. Ukiwa "yule wa madera ya warefu" au "yule wa pamba isiyotoa rangi", watu watakuelekeza wenzao bila hata kukumbuka ulikuwa soko gani. Shona kilebo shingoni. Fundi wa mtaani atakushonea, na vilebo vya kufuma vinaagizwa. Rudi kwa leso ya Abdulla: mteja hajali nani alifuma, anajali nani alichagua.

Ukimpiga picha mteja au ukitumiwa picha na yeye, omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kuiweka. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na inafanya kazi. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Na namba za wateja ni vivyo hivyo. Mwenye kutaka kupata habari za mzigo mpya aseme mwenyewe ndiyo, umtie kwenye orodha. Asiyesema, mwache.


fundi_makubadhi_likoni

Mimi nashona makubadhi na nimeshasajili jina la biashara kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali. Cheti ninacho. Hapo si nimelindwa? Kuna mtu wa bara ameanza kutumia jina linalofanana na langu kwenye soko moja.


mpikaji_udi_kuze

Kaka, cheti hicho ni kizuri, kitakusaidia benki na kwenye namba ya tili. Lakini hakikupi umiliki wa alama ya biashara. Alama inasajiliwa KIPI, taasisi ya mali ya viwanda ya Kenya. Mambo ninayoyajua ni haya.

Unaanza na utafutaji, waangalie kama kuna jina linalogongana na lako. Kisha unaomba kwa daraja la bidhaa. Madaraja yako 45 kwa jumla: viatu na nguo ni daraja la 25, udi na manukato daraja la 3, viungo vya chakula daraja la 30. Ulinzi unafuata daraja uliloombea, kwa hiyo usilipie kumi kwa pupa. Ombi likikubaliwa linatangazwa kwenye jarida lao kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ukisajiliwa unalindwa miaka 10, kisha unahuisha miaka 10 mingine, na hivyo hivyo. Ila alama isiyotumika kwa miaka 5 inaweza kuombewa ifutwe, kwa hiyo si kitu cha kufungia kabatini.

La muhimu kuliko ada ni jina lenyewe. Jina linaloeleza bidhaa tu au kutaja mahali tu, kama "Makubadhi Bora Mombasa", ni gumu kusajiliwa, kwa sababu kila fundi ana haki ya kusema makubadhi yake ni bora na ni ya Mombasa. Tafuta neno ambalo halielezi kiatu. Fupi, linalotamkika Garissa na linalotamkika Busia, lisiloandikwa kwa njia tatu. Kabla hujaamua, litafute kwenye masoko yote, kwenye Instagram, TikTok na Facebook, na kwenye anwani za .co.ke zinazosimamiwa na KeNIC. Likiwa huru kote, likamate kote siku moja, hata kama huna mpango wa kutumia kila mahali.

Kuhusu huyo wa bara, kusanya ushahidi sasa: picha za makubadhi yako zenye tarehe, risiti, oda za zamani. Masoko mengi yana mlango wa kulalamikia uigaji, lakini wanataka karatasi. Ikiwa makubadhi yako yana alama iliyogongwa kwenye ngozi ya ndani, ushahidi wako unaonekana kwenye picha ya kwanza kabisa. Gonga alama hapo penye kisigino.

Na jina la tili liwe lile lile la kwenye lebo. Mteja akilipa Buy Goods, ujumbe wa M-Pesa unamwonyesha jina la aliyelipwa. Likitofautiana na la kwenye mfuko, anaingiwa na shaka hapo hapo. Likilingana, jina lako limeingia kwenye simu yake bila wewe kulipia tangazo.


mabuyu_majengo

Bi dada, mimi nauza mabuyu na kachiri. Nimepewa nyota moja kwa sababu aliyepeleka mzigo alichelewa na mabuyu yakafika yamenata. Kosa si langu! Nimjibu vipi? Nina hasira kweli.


mpikaji_udi_kuze

Pole sana, dada. Hasira iishie kwenye daftari, kwenye ukurasa wa soko isifike. Biashara haigombi.

Jibu lako halisomwi na huyo mmoja tu, linasomwa na kila atakayetaka kununua baada yake. Kwa hiyo usimtaje aliyepeleka. Andika hivi: "Samahani sana kwa mabuyu kufika yakiwa yamenata. Tunakutumia pakiti nyingine wiki hii bila malipo. Tumebadilisha pakiti ili yahimili joto la njiani." Kisha ufanye kweli yote mawili. Mabuyu ya sukari yakikaa kwenye gari la mchana yatanata tu, awe mpelekaji hodari namna gani, kwa hiyo tafuta pakiti ya kufungwa kwa moto na uyakaushe zaidi kabla ya kufunga. Malalamiko yakija matatu yanayofanana, hayo ni maagizo ya mapishi, yafuate.

Na wewe, kwa kuwa ni chakula, nenda KEBS, shirika la viwango la Kenya, mapema. Wana alama ya ubora na utaratibu wa biashara ndogo. Duka kubwa halitakupokea bila hiyo, na mteja wa mbali akiiona kwenye pakiti anatulia.


dera_kisauni

Nimekuelewa dada, ahsante. Swali la mwisho: nina elfu tano tu za kuanzia hayo yote. Niziweke wapi?


mpikaji_udi_kuze

Kwanza fanya yasiyotaka pesa: chagua upande, litafute jina lako kote, kamata kurasa, fua dera moja la kila mzigo na upime. Picha piga kwa simu uliyonayo.

Pesa, anza na vilebo vya shingoni na muhuri wa mfuko. Zitakazobaki weka akiba ya kubeba mzigo utakaorudi, usiziingize kwenye matangazo ya kulipia kwa sasa. KIPI subiri mpaka umeuza kwa jina hilo na kuona watu wanalitaja wenyewe, lakini ule utafutaji wa mwanzo ufanye kabla hujachapisha chochote.

Na vilebo usiagize vingi mara ya kwanza. Viandike jina peke yake bila namba ya simu, kwa sababu kilebo cha shingoni kitaishi na dera miaka, namba inaweza kubadilika. Namba itie kwenye muhuri wa mfuko. Mchapaji akikwambia idadi ndogo haiwezekani, nenda kwa mwingine, mjini wako wengi.